Jibu: Je, kinga ya mwili haivioni virusi vya homa ya ini B?
Ndugu yangu wa Kongwa, umeuliza iwapo kinga ya kaka yako, aliyegundulika na homa ya ini B alipokwenda kuchangia damu hapa Dodoma ilhali anajisikia mzima, haivioni virusi hivyo. Inaviona. Seli ya ini iliyoambukizwa hukatakata protini za kirusi na kuvianika vipande vyake juu ya utando wake. Seli T (askari wa kinga ya mwili) zinazopita huvigusa, na ile yenye kipokezi, yaani sehemu ya kunasia, kinacholingana na kipande fulani ndiyo huishambulia seli hiyo, kiasi kwamba kinachoumiza ini zaidi ni mashambulizi hayo kuliko kirusi chenyewe. Tatizo ni kwamba kirusi huingia kimyakimya, kisha protini ya ganda lake humwagwa kwenye damu kwa wingi mno (ndiyo ileile inayosakwa na kipimo cha wachangia damu), hata seli T, zikichokozwa miaka nenda rudi, huchoka na kulegeza mapambano. Watoto wachanga wanaoambukizwa, takribani 90 kati ya 100 hubaki nacho. Watu wazima hawafiki 5. Nakusihi, kaka apimwe wingi wa virusi na hali ya ini, nanyi wa nyumbani mpimwe, asiye nacho achanjwe.