Kadi ya kamera kutosomeka kwenye kompyuta ya zamani

Ndugu, umeuliza ufanyeje kadi ya kamera isiposomeka kwenye kompyuta yako ya zamani ya Windows XP. Kwanza kabisa: ikikuuliza kama ufomati kadi (yaani kuifuta na kuipanga upya), usikubali! Picha zako bado zimo, ila kompyuta haijui kusoma mpangilio wa kadi hiyo. Kadi za SDXC, yaani zinazozidi GB 32, huja na mfumo wa kupanga faili uitwao exFAT, na XP haiuelewi mpaka iwekewe sasisho lake.

Kisoma kadi nacho kichunguze. Vile vya zamani vilitengenezwa kwa kadi za SD za kawaida, zinazoishia GB 2. Ukichomeka SDHC (kadi za kati, zaidi ya GB 2 hadi 32) ya GB 8, kinakaa kimya tu kama vile hujachomeka kitu.

Njia nyepesi ni kuacha kadi ndani ya kamera na kuunganisha kamera yenyewe kwa waya wa USB. Washa kamera, ingia kwenye menyu, tafuta sehemu ya USB, chagua PTP (njia ya kamera kuhamishia picha kwenye kompyuta). XP inaitambua bila programu yoyote ya ziada. Hakikisha betri imejaa, maana ikizima katikati ya kunakili ni usumbufu mtupu. Kama tundu ni la USB 1.1 jiandae kusubiri, kwani hupitisha takriban MB 1 kwa sekunde. Picha za GB 4 zitachukua zaidi ya saa nzima.

Ikigoma, azima kompyuta mpya, hamishia picha kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32 (mfumo wa faili ambao XP inauelewa), kisha ichomeke kwenye hiyo kuukuu. Usifute chochote kwenye kadi kabla hujazifungua picha kadhaa na kuona zimefika salama.