Nenosiri ni sahihi, lakini programu ya barua pepe bado inakukatalia

Ujumbe ninaoupokea mara kwa mara kutoka kwa wasomaji ni huu: "Kwenye kivinjari naingia bila shida, kwenye Thunderbird, programu yangu ya barua pepe ya kompyuta, nakataliwa. Nenosiri ni lile lile, nimelirudia mpaka nimechoka."

Kwanza, acha kulirudia. Seva, yaani kompyuta ya kampuni inayotunza barua zako, huhesabu kila jaribio lililoshindwa, na yakizidi inaweza kukufungia kwa muda hata ukija na nenosiri lililo sahihi. Mbaya zaidi, simu iliyo mezani nayo huendelea kujaribu yenyewe kila baada ya dakika chache kwa nenosiri la zamani, wewe huna habari. Kwa hiyo kabla hujagusa kitu kingine, zima akaunti hiyo kwenye vifaa vyote isipokuwa kile unachokitengeneza. Kisha ingia kwa kivinjari. Ukikuta onyo la usalama linalokuuliza kama ni wewe uliyejaribu kuingia, thibitisha. Ukikataliwa hapo pia, tatizo liko kwenye akaunti yenyewe na programu haina kosa.

Ukiingia vizuri, basi nenosiri halina tatizo. Kilichobadilika ni njia ya kuingia. Kampuni kubwa zimeacha kupokea nenosiri la akaunti kutoka kwa programu za nje. Google ilianza kufunga njia hiyo kwa akaunti binafsi tarehe 30 Mei 2022. Microsoft ikafuata kwa akaunti za Outlook.com, Hotmail na Live tarehe 16 Septemba 2024. Programu iliyowekewa mipangilio miaka mitano iliyopita bado inatuma jina na nenosiri kwa mtindo wa zamani, seva inakataa, na programu inakuambia nenosiri si sahihi kwa sababu haina maneno mengine ya kukueleza. Ujumbe huo umewapotosha watu wengi mno. Wanabadilisha nenosiri, wanavuruga vifaa vingine vilivyokuwa vinafanya kazi, na mlango bado umefungwa.

Njia zilizobaki ni mbili.

Ya kwanza ni OAuth2, na ndiyo ninayopendekeza popote inapowezekana. Programu inafungua dirisha la kampuni yenyewe, unaingia humo, kisha programu inapewa tokeni, yaani kibali cha kuingia badala ya nenosiri. Nenosiri lako hailioni kabisa. Kwenye Thunderbird, fungua mipangilio ya akaunti, nenda kwenye mipangilio ya seva, na pale penye njia ya uthibitishaji chagua OAuth2. Usiishie hapo. Seva ya kutuma ina ukurasa wake, chini kabisa ya orodha upande wa kushoto, na ina uchaguzi wake wa uthibitishaji. Ukibadilisha upande mmoja tu utapokea barua lakini hutaweza kutuma. Halafu nenda kwenye mipangilio ya faragha na usalama, fungua manenosiri yaliyohifadhiwa, na ufute ya akaunti hiyo yote: yanayoanza na imap://, smtp:// na oauth://. Funga programu, ifungue tena. Dirisha la kuingia likija tupu, au likirudi pale pale kila ukimaliza, angalia kama umezuia vidakuzi (cookies) ndani ya Thunderbird. Dirisha hilo haliwezi kufanya kazi bila vidakuzi.

Kabla hujaandika chochote kwenye dirisha hilo, soma anwani iliyo juu. Ya Google ni accounts.google.com, ya Microsoft ni login.microsoftonline.com au login.live.com. Ukiona kitu tofauti, funga.

Ya pili ni nenosiri la programu, kwa programu zisizojua OAuth2. Google hukupa herufi 16 kwenye ukurasa wa myaccount.google.com/apppasswords, zikiwa zimegawanywa nnenne. Nafasi zilizo katikati hazihesabiwi. Zinaonyeshwa mara moja tu, kwa hiyo zinakili papo hapo na uzibandike mahali pa nenosiri la kawaida, upande wa kupokea na wa kutuma. Kama ukurasa huo haukupi nafasi ya kuunda nenosiri, mara nyingi ni kwa sababu hujawasha uthibitishaji wa hatua mbili, au akaunti inasimamiwa na kazini au shuleni, au umejiunga na mpango wa ulinzi wa hali ya juu.

Hapa nasema kwa uzito: ukishauriwa kuzima uthibitishaji wa hatua mbili ili programu ikubali, kataa. Hutafungua chochote, kwa sababu manenosiri ya programu yanautegemea, na utakuwa umeacha akaunti inayoshika benki yako, picha zako na kila akaunti nyingine uliyonayo ikilindwa na neno moja tu.

Yahoo na Apple nao wana manenosiri ya programu. Kwa iCloud kuna jambo linalowakwamisha wengi: upande wa kupokea, jina la mtumiaji kwa kawaida ni sehemu iliyo kabla ya alama ya @, wakati upande wa kutuma linatakiwa anwani nzima. Tena, ukibadilisha nenosiri kuu la Google au la Apple, manenosiri yote ya programu hufutwa. Ndiyo maana wanaobadilisha nenosiri kila wanapokataliwa hawafiki popote. Kwa Outlook.com usipoteze muda na njia hii; huko ni OAuth2 tu. Hakikisha pia kwamba ruhusa ya POP na IMAP, njia mbili ambazo programu hutumia kupokea barua, imewashwa kwenye mipangilio ya Outlook.com kwa kivinjari.

Sasa, si kila kukwama ni kukataliwa. Tazama muda. Programu ikirudisha kosa mara moja, na kosa hilo likitaja 535 au AUTHENTICATIONFAILED, umefika kwenye seva na seva imekukataa. Google ikirudisha 534 yenye 5.7.9, inakudai nenosiri la programu. Lakini programu ikizunguka muda mrefu kisha ikakata tamaa, hata nenosiri lenyewe huenda halijatumwa. Hapo angalia poti, yaani namba ya mlango wa seva, pamoja na aina ya usimbaji (SSL/TLS au STARTTLS) inayoendana nayo. Kupokea kwa IMAP ni 993 na SSL/TLS. Kutuma ni 465 na SSL/TLS, au 587 na STARTTLS. Ukizichanganya, kwa mfano 465 na STARTTLS, pande mbili zinabaki zinasubiriana: programu inangoja salamu ya seva, seva inangoja programu ianze usimbaji. Poti 25 usiiguse, watoa huduma wengi wa intaneti wameifunga.

Majina ya seva ni imap.gmail.com na smtp.gmail.com kwa Google, outlook.office365.com kwa kupokea na smtp-mail.outlook.com, poti 587, kwa Outlook.com, imap.mail.yahoo.com na smtp.mail.yahoo.com kwa Yahoo, imap.mail.me.com na smtp.mail.me.com, poti 587, kwa iCloud. Yaandike mwenyewe pale programu inapobahatisha.

Kosa linalokuja na kuondoka lina sababu nyingine. Gmail huruhusu miunganisho 15 ya IMAP kwa wakati mmoja, na Thunderbird peke yake inaweza kufungua hadi mitano kwa akaunti. Kompyuta mbili, simu na tableti zinatosha kujaza nafasi hizo. Punguza idadi kwenye mipangilio ya ziada (Advanced) ya seva, iwe miwili. Onyo la cheti, yaani kitambulisho cha seva, nalo mara nyingi ni saa ya kifaa iliyopotea, au programu ya kuzuia virusi inayokagua barua njiani. Rekebisha saa, zima ukaguzi wa barua, ujaribu tena.

Akaunti ya kazini ikikataa baada ya yote haya, muulize msimamizi mambo mawili: kama IMAP imeruhusiwa, na anwani yako kuu ni ipi. Lakabu, yaani anwani ya ziada ya akaunti ile ile, hupokea barua, ila mara nyingi haikubaliki kama jina la kuingilia.

Ukishaingia, tuma barua kwenye anwani yako nyingine, kisha uijibu kutoka huko, ujue njia zote mbili ziko wazi. Washa vifaa vingine kimoja kimoja. Halafu rudi kwenye ukurasa wa manenosiri ya programu na ufute yale uliyoyaunda wakati wa kujaribu, pamoja na la simu uliyokwisha kuiuza.