Sindano za Kichina: mmeuliza, najibu

Toka nianze kutibu hapa Mwanjelwa, Mbeya, kwa sindano za Kichina (akyupancha, zile nyembamba zisizo na dawa ndani), meseji haziishi, leo najibu chache zinazojirudia.

Mi ni mlokole, nipo Tukuyu. Jirani kasema hizo sindano ni uganga, ni kweli? (Mama Neema)

Shikamoo mama. Hapana, ila naelewa kwa nini unauliza, huku kwetu ukitaja tu tiba asili mtu anawaza tunguri. Hakuna kafara wala sitakwambia nani kakuroga. Nakuuliza usingizi, choo, hamu ya kula, nashika mapigo mikono yote miwili, naangalia ulimi, ndo nachagua pa kuchoma. Wachina wanaongelea qi, nguvu inayotembea mwilini, ipo kwenye Huangdi Neijing, kitabu cha kama miaka 2,000 iliyopita, na mi nayaheshimu hayo maelezo nayatumia kila siku, lakini sio dini na hulazimiki kuyaamini ndo utibiwe. Njoo na Biblia yako, omba ukiwa na sindano zako, hakuna shida kabisa.

Kwa nini watu wanakaa kwenye viti chumba kimoja? Ndo ulivyofundishwa China?

Hapana, China nilifundishwa mapigo na ulimi na walimu wazee wakali kweli, hiyo ndo mizizi yangu na siiachi. Viti nimevitoa kwa Weusi na Wapuerto Rico wa South Bronx, New York. Mwaka 1970 vijana wa Young Lords, kikundi cha wanaharakati wa Kipuerto Rico, na wenzao waliingia Lincoln Hospital wakadai matibabu ya watu walioharibiwa na heroini, huduma ikaanza, na miaka michache baadae wakaingiza sindano za masikioni, kina Mutulu Shakur hao, baba wa kambo wa Tupac, yaani sehemu 5 tu kila sikio, watu wamekaa pamoja na nguo zao. Na ramani ya sikio yenyewe ilitoka kwa daktari Mfaransa, Paul Nogier, miaka ya 50, Wachina wakaipokea wakaiendeleza. Kwa hiyo mtu akiniambia nachafua asili ya watu nashangaa, maana hii tiba imekua kwa kupokea. Na faida naiona: wa kiti cha magurudumu habebwi kupandishwa kitandani, bibi havuliwi kitenge, na nikitibu kadhaa kwa pamoja bei inashuka mpaka bodaboda anaimudu.

Bibi yangu anaongea Kinyakyusa tu, nimlete?

Mlete, ukae nae umtafsirie. Kiziwi pia aje, tutaandikiana au aje na mtu wa lugha ya alama. Mapigo hayana lugha, lakini maumivu lazima ayaeleze mwenyewe, usimjibie.

Naogopa UKIMWI.

Sindano inatumika mara moja tu inatupwa, na pakiti inafunguliwa mbele yako. Ni nyembamba kama nywele, sio kama ya hospitali. Popote utakapoenda, hata sio kwangu, omba uone pakiti, halafu uliza cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, sheria ipo toka 2002. Akikasirika ondoka.

Baba ana sukari, miguu imekufa ganzi, tumeambiwa akianza sindano aache vidonge.

Asiache! Tafadhali sana ndugu yangu, aliyewaambia hivyo anamhatarisha mzee. Sindano naweza kumjaribia kupunguza yale maumivu ya kuwaka moto, ila sukari yenyewe inabaki kwa daktari wa kliniki na vidonge vyake. Na miguu ya hivyo simchomi moksa, ule moto wa majani makavu yanayochomwa karibu na ngozi, maana ataungua bila kusikia na kidonda cha mwenye sukari mnakijua. Akija abebe kadi ya kliniki na dawa zote anazotumia, hasa kama kuna za kuyeyusha damu, na miguu muikague kila jioni nyumbani, mpaka katikati ya vidole.