Maswali na Majibu: Injini Yenye Nguvu kwa Gari la Kujiundia

Swali: Ninaunda gari dogo la viti viwili lenye umbo la Lotus Seven (gari jepesi la michezo la Uingereza), na likikamilika litakuwa na uzito wa kilo 550 hivi. Je, nguvu za farasi 150 zitatosha, au nitafute 300?

Jibu: Zitatosha. Farasi 150 kwa kilo 550 ni takriban farasi 270 kwa kila tani, kiwango ambacho magari mengi ya kifahari hayakifikii. Ukizidisha hadi 300, matairi ya nyuma yatateleza kila ukikanyaga mafuta, na huenda ukalazimika kununua giaboksi, difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) na breki nyingine, vitu ambavyo wajenzi wengi huvisahau wanapopanga bajeti. Mimi ningechagua Ford Duratec ya lita 2, yenye bloku ya alumini, ambayo Caterham, watengenezaji wa magari wa Uingereza, nao wameitumia katika magari ya aina hiyo.

Swali: Fundi wangu anataka kufunga kamshafti kali (kamshafti ni mhimili unaofungua valvu za injini) ili injini izunguke hadi mara 8,000 kwa dakika badala ya 6,000. Nikubali?

Jibu: Usikubali kabla hajakueleza atafanya nini na sehemu za chini za injini. Kamshafti kali huziacha valvu wazi kwa muda mrefu zaidi, hivyo injini hupumua vizuri katika mwendo wa juu, lakini katika mwendo wa chini hulegea na hutetemeka ikiwa gari limesimama. Hilo unaweza kulivumilia kama gari ni la mashindano tu. Jambo zito zaidi ni kwamba mvuto unaozielemea pistoni na konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krankishafti, mhimili mkuu wa injini) huongezeka kwa mraba wa mwendo: kutoka 6,000 hadi 8,000 mizunguko imeongezeka kwa theluthi moja, ilhali mvuto umeongezeka kwa takriban asilimia 78. Bolti moja ya konrodi ikikatika, bloku nzima hutobolewa. Kwa hiyo fedha za kwanza ziende kwenye konrodi za kufuliwa, bolti imara na springi za valvu zenye nguvu, kisha ndipo kamshafti inunuliwe.

Swali: Vipi injini ya pikipiki, kama ya Suzuki Hayabusa?

Jibu: Ni nyepesi na ina nguvu nyingi, lakini haina gia ya kurudi nyuma, na klachi yake iliundwa kwa chombo chepesi zaidi. Kwa safari za kila siku siipendekezi.

Swali: Taa ya oili huwaka kila ninapokata kona kwa kasi, ingawa oili imejaa. Tatizo ni nini?

Jibu: Acha kabisa kuendesha hivyo. Katika kona kali oili hukimbilia upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini), pampu ikafyonza hewa, na beringi za krankishafti zinaweza kuungua kwa sekunde chache. Gari jepesi lenye matairi yanayoshika barabara hukumbwa na shida hii zaidi kuliko gari la familia ambamo injini hiyo ilitolewa. Anza kwa kufunga sampu yenye vizuizi vya ndani, kisha upime shinikizo la oili katika kona ileile. Likishuka tena, hamia kwenye mfumo wa sampu kavu, ambao huhifadhi oili katika tangi la pembeni.