Swali la lugha: Mtoto aitwe BK?

Msomaji wa Tabata anauliza: "Tunatarajia mtoto wa kiume. Mume wangu Hamisi anataka aitwe BK, herufi za kwanza za majina ya babu zake: Bakari, baba yake yeye, na Kassim, baba yangu mimi. Mama mkwe anasema hilo si jina, ni namba ya gari. Je, Kiswahili kinaruhusu? Na tukiliandika, tuweke nukta?"

Dada yangu, Kiswahili hakikatazi. Sarufi italipokea jina hilo bila shida: tunasema "CCM imeshinda" kwa kuwa CCM si mtu, lakini mtoto ni mtu, kwa hiyo "BK amelala". Nukta msiweke. Ukiandika B.K., msomaji anangoja jina linalofuata, kama tunavyoandika J.K. Nyerere.

Hata hivyo mimi niko upande wa mama mkwe, kwa sababu ya sauti. Tamka BK kama inavyotamkwa hapa Dar: "bikei". Hizo ni herufi kwa matamshi ya Kiingereza. Bakari hasikiki humo, wala Kassim, na ninyi mlitaka kuwaenzi wao. Tena kila atakapoandikishwa, kuanzia cheti cha kuzaliwa cha RITA hadi shuleni hadi kitambulisho cha NIDA, ataulizwa: "Kirefu chake?" Atataja babu wawili, na karani atauliza tena kama hayo ndiyo majina yake.

Vifupisho vinavyotukaa vizuri mdomoni ni vile vinavyosomeka kama neno: TANU, BAKITA, UKIMWI. Silabi zake zinaishia na irabu, mkazo unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na mtu anavitamka bila kukumbuka kila herufi inasimama badala ya nini. Nchi yetu yenyewe ilipata jina kwa njia ya jirani na hiyo mwaka 1964, Tan ya Tanganyika na Zan ya Zanzibar, na hadi leo pande zote mbili zinasikika.

Basi mkitaka kuunganisha, unganisheni silabi, na mtamke kwa sauti kabla ya kuandikisha. Ba na Ka zinatoa "baka", neno ambalo hakuna mzazi atakayelitaka. Mkigeuza mnapata "kaba", na hapo wenzake shuleni watamkaba kweli. Mwisho wa Kassim na mwanzo wa Bakari ndio unatoa kitu kizuri: Simba. Hilo ni jina la watu tangu zamani, ingawa kama nyumbani kuna Yanga, aulizwe kwanza.

Lakini mnahangaika kutafuta kitu ambacho utaratibu wetu wa majina matatu unawapa tayari. Mtoto hupewa jina lake, likafuata la baba, kisha la babu au ukoo. Mwiteni Kassim. Cheti kitasomeka Kassim Hamisi Bakari: babu wa kwako mbele, babu wa kwa mumeo nyuma, baba katikati, na wote wanatajwa kwa ukamilifu. Vijana wa mtaani wakitaka kufupisha, watamwita KB, kama Jakaya Mrisho Kikwete alivyokuja kuitwa JK. Mumeo atapata herufi zake zilezile, zimebadilishana nafasi tu.