Kabla Hujanunua Kompyuta Mpya kwa Ajili ya Programu za Simu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba amesakinisha emuleta ya Android, yaani programu inayoigiza simu, kwenye kompyuta yake ili ajibu ujumbe wa wateja kwa kibodi kamili badala ya kidole gumba, lakini mashine imekuwa nzito kiasi kwamba hata mshale wa kipanya unakwenda kwa kusitasita. Mtaalamu aliyemwendea aliitazama kompyuta hiyo kidogo, kisha akamwambia kwamba haina dawa isipokuwa kununua nyingine. Nami niliwahi kusomewa hukumu hiyo hiyo, kwa maneno yanayokaribiana, mbele ya wenzangu, na mpaka leo sijaisahau.

Nitaeleza yaliyonikuta kwa kirefu, kwa kuwa najua wengi wenu mnakitafuta kile nilichokuwa nikikitafuta, yaani kufanya kazi ya simu kwa kasi ya kompyuta. Nilikuwa nimepewa jukumu la kupokea maagizo ya wateja kupitia programu ambayo watengenezaji wake waliiandaa kwa ajili ya simu pekee, isiyo na tovuti wala toleo la kompyuta. Kila agizo lilihitaji maelezo, na maelezo yenyewe yalikuwa kwenye jedwali lililohifadhiwa kwenye kompyuta, hivyo nilikuwa nikiyasoma kwenye skrini moja na kuyachapa upya kwenye nyingine, herufi kwa herufi, huku simu ikijitwika kazi ya kusahihisha Kiswahili changu kuwa Kiingereza. Nikaomba idhini ya kusakinisha emuleta kwenye kompyuta niliyokuwa nikiitumia, iliyokuwa na RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 8 na prosesa ya Intel ya miaka ya nyuma. Emuleta ilichukua muda mrefu mno kufunguka, na ilipofunguka ikawa inachora kila ukurasa vipande vipande.

Aliyekuwa akisimamia kompyuta pale kazini alikuja, akatazama kwa muda usiotosha hata kusoma onyo lililokuwa wazi kwenye skrini, akatangaza kwa sauti ya kusikiwa na wote kwamba mashine kama ile ni ya kuandikia barua, na kwamba anayetaka mambo makubwa anunue kompyuta ya mambo makubwa. Wenzangu walicheka, na kwa kipindi kirefu baada ya hapo jina langu la utani likawa "Mambo Makubwa".

Jibu lilikuwa ndani ya onyo lile lile ambalo yeye hakulisoma. Lilieleza kwamba uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi, ulikuwa umezimwa. Emuleta si programu ndogo inayofungua programu nyingine; ni simu nzima ya kuigiza, yenye mfumo endeshi wake kamili, inayoishi ndani ya mfumo endeshi wa kompyuta yako. Prosesa nyingi za Intel na AMD zimetengenezwa zikiwa na njia ya kuubeba mzigo huo moja kwa moja, njia ambayo kwa Intel huitwa VT-x na kwa AMD huitwa AMD-V, lakini kompyuta nyingi huuzwa njia hiyo ikiwa imefungwa. Ikiwa imefungwa, emuleta ama hukataa kufunguka ama hulazimika kuigiza kila hatua kwa nguvu ya programu tupu, na hapo hata kompyuta nzuri huonekana mbovu.

Ili kujua hali ya mashine yako kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu inayoonesha utendaji wa kompyuta (Performance), kisha uchague prosesa (CPU). Chini ya mchoro utaona neno Virtualization na hali yake. Ikiwa imezimwa, zima na kuwasha kompyuta, uingie kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta, inayofunguka kabla ya Windows) kwa kitufe ambacho hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji (mara nyingi huwa F2, F10 au Delete), utafute mstari wa Intel Virtualization Technology au, kwa mashine za AMD, SVM Mode, uuwashe, uhifadhi, utoke. Hakuna kinachonunuliwa wala kinachofunguliwa kwa bisibisi. Nilipofanya hivyo kwenye mashine ile ya kuandikia barua, emuleta iliamka, na kazi ya siku nzima nikawa naimaliza kabla ya mchana kugeuka. Aliyenitangaza mbele ya watu alikuja baadaye kuniuliza nimefanyaje. Nilimwonesha kwa adabu, ila sitajifanya kwamba sikufurahi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kusoma onyo lililo kwenye skrini kabla ya kumsikiliza mtu, na wa pili hautofautiani sana na wa kwanza: soma pia mahitaji ya emuleta kabla ya kuipakua. BlueStacks 5, kwa mfano, inataja RAM ya GB 4 kuwa ndiyo kiwango cha chini kabisa, na kiwango cha chini hicho ni cha kuifungua tu, si cha kufanyia kazi huku kivinjari kikiwa na kurasa lukuki zilizofunguliwa. Wenye GB 8 wanaweza kuingia kwenye mipangilio ya emuleta na kuipangia sehemu ya RAM na baadhi tu ya viini vya prosesa, wasiiachie ijitwalie kila kitu, maana kinachobaki ndicho Windows yenyewe inachopumulia.

Upo uzito mwingine ambao hakuna mpangilio unaouondoa wote. Karibu simu zote za Android zinatumia prosesa za aina ya ARM, ilhali kompyuta nyingi za Windows zinatumia za aina ya x86, na amri za moja si amri za nyingine. Programu iliyotengenezwa kwa ARM pekee hulazimika kupita kwa mkalimani ndani ya emuleta, anayegeuza amri zake kadiri zinavyokuja, na mkalimani, hata awe hodari kiasi gani, bado huchelewesha mazungumzo. Ndiyo sababu unaweza kuona programu moja ikikimbia na nyingine, isiyoonekana kuwa kubwa zaidi, ikikwama katika emuleta ile ile. Usiilaumu kompyuta yako kwa jambo hilo.

Hata hivyo, baada ya majigambo yote hayo, emuleta siitumii tena kwa kazi yangu ya kila siku, na hili ndilo ninalotaka lisikike kuliko yote. Nilijiuliza ninachohitaji ni nini hasa, nikagundua kwamba simu ya pili ya kuigiza sina haja nayo, kwa sababu simu halisi ninayo mfukoni, ina prosesa yake, ina akaunti zangu, na programu zote zimeshasakinishwa humo. Nilichokosa ni kibodi, kipanya na skrini kubwa. Ipo programu huria na ya bure iitwayo scrcpy, iliyotolewa na kampuni ya Genymobile mwaka 2018, ambayo huakisi skrini ya simu ya Android kwenye dirisha la kompyuta na kukuruhusu kuiendesha kutoka hapo. Unaingia kwenye mipangilio ya simu, unagusa namba ya toleo la mfumo (Build number) mara 7 mpaka simu ikuambie kwamba sasa wewe ni msanidi programu, unawasha utatuzi wa USB (USB debugging), unaoiruhusu kompyuta kuiamuru simu kupitia kebo, unaunganisha kebo, unakubali ombi linalojitokeza kwenye simu, basi. Haihitaji kuvunja ulinzi wa simu, haiachi programu yoyote ndani yake, na mzigo wote wa kuendesha programu unabaki kwenye simu, kiasi kwamba kompyuta dhaifu inaimudu bila jasho. Unaweza kunakili maandishi kwenye jedwali na kuyabandika kwenye simu kana kwamba ni dirisha jingine la kawaida, na ukipenda unaizima skrini ya simu huku dirisha la kompyuta likiendelea. Inafanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS. Kwa nini wataalamu wengi hawalitaji jambo hili, nina dhana yangu: halina sura ya kuvutia, na huanzishwa kwa kuandika amri.

Wenye Linux wanayo pia Waydroid, inayoendesha Android ndani ya kasha linalotumia kiini (kernel) cha Linux chenyewe, na kwa hiyo ni nyepesi kuliko emuleta za kawaida. Na kabla ya yote hayo, hakikisha programu unayoitaka haina tovuti. WhatsApp ilianza kutumika kwenye kivinjari mwaka 2015, lakini bado nakutana na watu waliosakinisha emuleta ya gigabaiti kadhaa ili wasome WhatsApp.

Jambo la tatu ni kutojenga riziki yako juu ya njia moja. Mwaka 2021 Microsoft ilitangaza kwamba Windows 11 itaendesha programu za Android kupitia Windows Subsystem for Android, zikipatikana kwenye duka la Amazon, na wengi wakadhani kwamba suala limekwisha. Machi 2024 kampuni hiyo hiyo ikatangaza kuachana na mpango huo, na tarehe 5 Machi 2025 huduma ikakoma. Kama kampuni yenye ukubwa huo inaweza kufunga mlango, emuleta uliyoipakua jana inaweza kuufunga kesho. Weka njia ya pili tayari, uijaribu wakati wa utulivu, usingoje siku ambayo wateja wamejaa.

Nanyi vijana mnaopakua emuleta kutoka tovuti yoyote inayotokea mbele ya macho kwa sababu imeandikwa kwamba imeongezewa kasi, nawaomba mnisikilize. Emuleta mnaikabidhi nenosiri la akaunti ya Google, akaunti ambayo ina barua zenu, picha zenu na majina ya watu wenu. Pakueni kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, na mfungue akaunti nyingine ya Google kwa ajili ya emuleta peke yake. Msiingize programu za benki humo. Benki nyingi hutumia ukaguzi wa Google uitwao Play Integrity kutambua kama programu iko kwenye kifaa halisi, na emuleta mara nyingi hushindwa mtihani huo. Anayewauzia mbinu ya kuudanganya anawataka mlegeze ulinzi uliowekwa kwa faida yenu. Hata scrcpy itawaonesha dirisha jeusi mnapofungua programu nyingi za benki, kwa kuwa programu hizo hukataza skrini yake kunakiliwa. Hiyo si hitilafu. Fedha zishughulikieni kwenye simu.

Wenye iPhone wananiuliza mara kwa mara, na jibu langu kwao ni fupi. Kwenye Windows, tovuti zinazotangaza emuleta kamili ya iPhone ziepukeni, kwa sababu kinachotolewa huwa ni picha ya skrini ya nyumbani isiyoweza kufungua programu zenu. Kwenye kompyuta za Apple zenye chipu za M1, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2020, na zilizofuata, programu za iPhone hufunguka bila emuleta yoyote, ilimradi mtengenezaji wa programu hajaizuia isionekane kwenye duka la Mac. Ikiwa ameizuia, macOS Sequoia, toleo la mwaka 2024 la mfumo endeshi wa Mac, ilileta uwezo wa kuakisi iPhone kwenye Mac, simu ikiwa na iOS 18 na vifaa vyote viwili vikitumia akaunti moja ya Apple. Simu inabaki imefungwa na ipo karibu, nanyi mnaandika kwa kibodi ya Mac.