Kurudi Irente kwa chakula cha mchana

Barua nne za mwezi huu zimegusa jambo ninalolipenda mno: kula mchana shambani, pale pale jibini linapotengenezwa. Nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, na wenye nyingine wataniwia radhi.

SWALI: Shikamoo mama. Mwaka 2017 mimi na mume wangu tulipanda Lushoto kwa siku mbili, tukala mchana kwenye shamba la Irente: mkate mweusi, jibini jeupe laini, jamu, mbogamboga mbichi na juisi. Mume wangu aliisifu sahani ile hadi tukafika Mombo. Amefariki mwaka juzi. Desemba hii nataka kurudi pale na mama yake mzazi. Ana miaka 74, kwao Handeni, hajawahi kuonja jibini, na maziwa freshi humvuruga tumbo ingawa mtindi anakunywa vizuri tu. Naogopa atasema nimemsafirisha mbali kuja kumlisha maziwa yaliyoharibika. Na je, ni vyema kurudi? – Mama Neema, Mbezi

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Mungu amrehemu mwenzio.

Nianze na hilo la mwisho. Rudi. Nami niliwahi kurudi pale na baba yangu, miaka miwili baada ya kumzika mama, na yeye mama ndiye aliyekuwa akipapenda. Nilikosea jambo moja: nilimsumbua mhudumu atutafutie meza ile ile, upande ule ule, na walipokuwa wameketi watu wengine nikanuna kama mtoto. Baba akanishika mkono, akasema tukae popote penye kivuli. Kwa hiyo usiende kuitafuta siku ile. Nenda ukale na mama mkwe wako, na jina la mwanawe litatajwa lenyewe chakula kikiwa mezani. Likitajwa, usibadilishe mazungumzo.

Sasa jibini. Mama yako wa Handeni analijua zaidi ya unavyodhani. Mwulize nyumbani kwao walikuwa wakigandishaje maziwa. Atakueleza habari za kibuyu kilichofukizwa moshi, maziwa yaliyoachwa siku mbili tatu, maji yaliyojitenga chini na mgando mzito uliobaki juu. Basi jibini jeupe laini uliloonja 2017 limetoka kwenye ukoo huo huo. Maziwa hupashwa moto, hupozwa yakawa vuguvugu, hutiwa vijidudu vizuri vya kuchachua, jamaa wa wale wa kwenye mtindi, huachwa yagande, kisha mgando humiminwa kwenye kitambaa na kuning'inizwa mpaka maji yatoke. Hakuna kilichoharibika hapo. Maziwa yameondolewa maji tu.

Ningekuwa wewe, nisingengoja kufika Lushoto. Fanya naye nyumbani wiki moja kabla. Chukua lita 4 za maziwa, yachemshe, yaache yapoe hadi kidole kivumilie bila shida, tia nusu kikombe cha mtindi usio na sukari, funika, lala. Kesho yake ukikuta yameganda kama uji mzito, yapashe kidogo sana kwa moto mdogo, usikoroge, mpaka uone maji ya kijanikijani yakijitenga pembeni. Mimina kwenye kitambaa cheupe safi, kile chembamba cha kuchujia tui, uning'inize juu ya sufuria kwa saa tano au sita. Utapata karibu kilo moja, au pungufu kidogo ukipenda liwe kavu. Chumvi kiasi, basi. Mwachie mama akaze fundo la kitambaa mwenyewe. Mtu akishalifunga fundo hilo kwa mkono wake, hatasema tena kwamba ni kitu cha Wazungu. Maji yanayochuruzika usiyamwage, kandia maandazi.

Kuhusu tumbo lake: sukari ya maziwa ndiyo inayomsumbua, kama inavyowasumbua watu wazima wengi huku kwetu ambao miili yao imeacha kutengeneza kimeng'enya cha kuisaga. Vijidudu vya mtindi hula sehemu ya sukari hiyo, ndiyo maana mtindi anauvumilia. Katika jibini gumu lililokaa miezi, sukari hiyo karibu yote imekwisha: nyingi ilitoka na yale maji, iliyobaki imeliwa wakati jibini linapevuka. Kwenye jibini jeupe bado ipo kiasi. Kwa hiyo mpe jeupe vijiko viwili vya kuanzia, na gumu aonje anavyotaka. Jambo moja la kumwambia mapema ni kwamba gumu lina harufu. Baba yangu alilinusa kwanza, akaangalia pembeni, akaniuliza, “Haya maziwa ni ya ng'ombe wa nani?” Nilipomweleza kwamba karibu lita 10 huingia katika kilo moja ya jibini gumu, hakusema kitu. Aliokota hata vipunje vilivyoanguka mezani.

Alikuwa na sababu. Sisi wa Usambara tunajua lita moja ya maziwa inatoka wapi. Miaka ya 1980 tulihimizwa kufungia ng'ombe bandani na kupanda majani kwenye makinga maji ili udongo usiteremke na mvua, na kazi ya kukata majani hayo ilikuwa yetu watoto, asubuhi kabla ya shule, umande unalowesha sketi hadi kiunoni. Mteremko, kichwani mzigo wa majani unaokuwasha shingo. Kwa hiyo mtu akisukuma sahani yenye jibini nusu, mimi huumia kweli.

Safari yenyewe. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu, lakini kona ni nyingi na upande mmoja ni korongo. Mkalishe mama kiti cha mbele, asiwe ameshiba sana, na mpumzike Soni, aone maporomoko ya maji na kununua matunda. Laleni Lushoto, msipande na kula siku moja. Kutoka mjini hadi Irente, kupitia Yoghoi, ni kama kilomita 5. Wewe ungetembea, ila kwa miaka 74 chukueni gari. Sweta ni lazima, hata Desemba, maana wingu likifunika baridi hushuka papo hapo.

Pigeni simu siku moja au mbili kabla, mseme mko wangapi na kwamba mnataka chakula cha mchana. Mikate na jibini la shambani haviwezi kuongezwa kwa sababu wageni wamezidi, kwani jibini la leo lilianza juzi. Nimeona watu wamefika saa tisa na nusu wakiwa na njaa, wanakuta kimebaki kidogo, wanawakasirikia mabinti wa jikoni. Si haki.

Lile shamba ni la Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, na mkate ule mweusi ni wa nafaka iitwayo rai, kwa mtindo wa Wajerumani. Ni mzito na una uchachu, hauliwi kama boflo letu. Mwambie mama akate kipande chembamba, apake jibini jeupe kwanza, halafu jamu juu yake. Usimwanzishie mkate mtupu. Nina hakika ukimpa hivyo ataomba wa pili.

Mkimaliza kula, nendeni hadi ukingoni, pale Irente panapotazama chini. Mlima unakatika ghafla, tambarare ya Mazinde inaonekana mbali kule chini, na hewa ikiwa safi macho yanafika mbali sana. Mama ataangalia upande wa kwao. Halafu Wazigua wa kwao Handeni na Wasambaa wa hapa ni ndugu, wote wa ukoo wa Waseuta, kwa hiyo akisalimiwa “onga mshi” na mabibi wa pale hatahitaji mkalimani. Usishangae ukimkuta ameketi nao na wewe umesahauliwa.

SWALI: Assalamu alaykum. Sisi walimu 12 tunapanga kwenda kula mchana kwenye shamba la jibini. Mwenzetu mmoja anasema jibini hugandishwa kwa tumbo la ndama, kwa hiyo asiyejua ndama amechinjwaje asile. Ni kweli? – Mwalimu, Tanga

JIBU: Wa alaykumu salaam, Mwalimu. Mwenzenu amesema kweli kwa sehemu, na ninamheshimu kwa kuuliza.

Jibini gumu huhitaji kigandishi kiitwacho reneti. Reneti ya asili hutolewa katika tumbo la nne la ndama anayenyonya, mle mna kimeng'enya cha kugandisha maziwa ya mama yake. Lakini si reneti zote ziko hivyo. Ipo inayotengenezwa kutokana na ukungu maalumu, na ipo ambayo kimeng'enya kile kile cha ndama hutolewa na vijidudu kiwandani bila kuchinja mnyama. Hii ya mwisho iliruhusiwa Marekani mwaka 1990 na leo inatumika sehemu nyingi sana duniani. Jibini jeupe laini nililomweleza Mama Neema hapo juu linaweza kuganda kwa uchachu peke yake, bila reneti, ingawa watengenezaji wengine hutia matone machache ili ligande vizuri.

Hukumu si kazi yangu. Ninachojua ni kwamba madhehebu zimetofautiana. Hanafi wamekuwa wepesi zaidi katika suala la reneti, na Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani yetu, inataka mnyama awe amechinjwa kisheria na awe bado ananyonya. Mwulizeni sheikh wenu. Ila mkienda kwake, nendeni na jibu la swali hili mkononi, la sivyo naye atabaki kukisia: “Jibini hili mmeligandisha kwa nini?” Mpishi wa jibini anayeijua kazi yake hujibu mara moja, na hata chupa ya reneti atawaonyesha, kwa maana chanzo kimeandikwa kwenye lebo. Mimi nimefanya kazi ya jibini miaka 19 na sijawahi kuchukizwa na swali hilo. Akijibu kwa kuzungukazunguka, kuleni mkate, jamu, mayai na mboga, mtashiba. Ulizeni pia kama jikoni hukaangwa nyama ya nguruwe na kama kisu kinatengwa. Ulizeni wakati wa kupiga simu, msingoje hadi mmeketi.

SWALI: Mama, dada yangu ana mimba ya miezi mitano. Anaweza kula jibini la shambani? – Zawadi, Moshi

JIBU: Zawadi, swali lenu liwe moja: je, maziwa yalipashwa moto kabla ya kugandishwa? Joto linalotakiwa ni nyuzi 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15. Kama ndiyo, na jibini limekaa kwenye ubaridi, ale la gumu bila hofu na jeupe lililo freshi. Kama hapana, au mwenyeji hana hakika, asiguse, hasa laini. Maziwa yasiyopashwa moto yanaweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ambao unampata binadamu pia, na vipo vingine viitwavyo listeria ambavyo huendelea kuzaana hata ndani ya friji na ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Watu watamwambia bibi zetu walikunywa hivyo hivyo. Bibi zetu walizika watoto wengi. Akipata homa baada ya kula, aende kliniki siku hiyo hiyo na aseme alikula nini.

SWALI: Nikinunua jibini Lushoto litafika Dar kwa basi bila kuharibika? Mara ya mwisho lilifika limetoka jasho na mafuta. – Baba Jordani, Kigamboni

JIBU: Lilikuwa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kukaza, na mfuko ulikuwa kwenye buti la basi. Nimekisia sawa?

Jibini gumu huvumilia safari ya mchana kutwa. Lifunge kwenye karatasi safi, juu yake kitambaa, ukae nalo ndani ya basi, mbali na dirisha lenye jua. Safari ya asubuhi mapema ni bora, maana joto lianzapo Korogwe wewe bado una njia ndefu. Likifika limetoa mafuta kidogo, lifute, liweke kwenye friji sehemu ya chini, lile ndani ya wiki chache. Usiligandishe, litavunjikavunjika. Ukungu ukitokea juu ya gumu, kata sehemu hiyo pamoja na unene wa vidole viwili kuizunguka, mengine ni mazima. Ukitokea kwenye laini, tupa lote.

Jeupe laini usilibebe bila kasha lenye barafu. Kula huko huko, na nafasi iliyobaki kwenye mkoba weka mkate wa rai. Huo unafika Kigamboni ukiwa mtamu kuliko ulivyonunuliwa, na siku ya tatu ndiyo siku yake.